DNA Haijui Kujisoma

Kila nikiweka video ya biolojia hapa, lazima msee mmoja aandike kwa komenti: "Bro, hiyo iko kwa DNA." Wakalenjin kushinda marathoni, iko kwa DNA. Mtoto kufeli hesabu, DNA. Jamaa kuhanya, eti DNA. Hizo huwa nacheka na kupita. Lakini kuna moja sikucheka. Mtu aliandika kwamba kabila fulani ni wezi, "iko kwa damu yao, science imeprove," na ikapata laiki kushinda video yenyewe.

Sasa hiyo neno "science" ndiyo imenikalisha chini. Wanaoitumia hivi wanafikiria DNA ni kama laana ya babu: imeandikwa, imekwisha, wewe kazi yako ni kutimiza. Na kuna mzee mmoja wa Italia ametumia maisha yake yote ya kazi kuonyesha kwamba kuandikwa peke yake si kitu. Anaitwa Marcello Barbieri. Najua wengi hamjawahi kumsikia, na si kosa lenu. Mimi nilikaa chuo miaka miwili kabla karo haijanishinda, mhadhiri akitusomea slaidi neno kwa neno, na jina hilo halikutajwa hata siku moja.

Barbieri alizaliwa mwaka wa 1940. Alikuwa mtu wa maabara kabisa, si wale wa kukaa kwa kiti wakitafakari. Alifanya utafiti Cambridge kule Uingereza, Bethesda kule Marekani, na Berlin katika taasisi ya Max Planck. Kisha kuanzia 1992 akafundisha embriolojia, yaani elimu ya viinitete, Chuo Kikuu cha Ferrara. Ni chuo cha zamani ajabu, Copernicus alipata digrii yake ya udaktari wa sheria hapo mwaka wa 1503. Lakini turudi kwa stori.

Miaka ya sabini Barbieri alikuwa anashughulika na kuku. Si kuku wa kula, viinitete vya kuku. Ukikipoza kiinitete polepole, ribosomu zilizo ndani ya seli zake zinajipanga zenyewe kama matofali kwa ukuta, zinakuwa fuwele. Ribosomu mnaikumbuka kutoka high school. Ni zile nukta ndogo kwa mchoro wa seli ambazo ukisahau kuzichora mwalimu anakukata nusu maksi. Hiyo nusu maksi inaonyesha venye tumezidharau.

Kwa sababu fikiria. Vitabu vilikuwa vinasema kiumbe kina pande mbili tu. Kuna jenotaipu, ambayo ni maagizo yaliyoandikwa kwa DNA, na kuna fenotaipu, ambayo ni mwili wenyewe, protini na kila kitu zinachojenga. Maagizo na jengo. Barbieri, akiwa amekaa miaka akiangalia ribosomu, akauliza swali ambalo hata mtoto wa mjengo angeuliza: sawa, ramani iko, nyumba iko, fundi ako wapi?

Mwaka wa 1981 aliandika makala katika jarida la Journal of Theoretical Biology akasema seli haina pande mbili, ina tatu. Ya tatu akaiita ribotaipu: mkusanyiko wa RNA na ribosomu ambao unasoma upande mmoja na kujenga upande wa pili. Mwaka wa 1985 akapanua hoja ikawa kitabu kizima, The Semantic Theory of Evolution. Ona hilo neno la pili kwa kichwa cha kitabu. Ni neno la watu wa lugha, la maana. Mtu wa kuku ameanza kuongea kuhusu maana! Hapo ndipo alipoingia katika uwanja unaoitwa biosemiotiki, yaani utafiti wa ishara na maana ndani ya vitu vyenye uhai.

Ukisikia hivyo unaweza kufikiria ni zile mambo za crystals na energy za kule TikTok. Hapana. Wacha nieleze na kitu mnachokijua kuliko maprofesa wote wa Ferrara: Sheng.

Mbao ni shilingi ishirini. Kwa nini? Hakuna kitu ndani ya sauti "mbao" kinachohesabika hadi ishirini. Mgeni kutoka Tanga akiambiwa nauli ni mbao atafikiria tunajenga kibanda. Sauti iko upande mmoja, pesa iko upande mwingine, na hazina undugu wowote. Kinachoziunganisha ni sisi kukubaliana, pamoja na makanga anayesimama mlangoni akijua pande zote mbili. Mtoe makanga, mtoe kila mtu anayejua hayo makubaliano, na "mbao" inarudi kuwa upepo unaotoka mdomoni.

Barbieri anasema kodi ya kweli ni hivyo hivyo. Unahitaji dunia mbili zisizotegemeana, kanuni zinazoziunganisha ambazo fizikia haikulazimisha, na kitu cha katikati kinachoshika dunia zote mbili kwa wakati mmoja. Hicho cha katikati kinaitwa adapta. Na kwenye seli, adapta si mfano wa kishairi. Unaweza kuishika kwa maabara. Inaitwa tRNA.

Francis Crick, yule wa DNA, alikisia mwaka wa 1955 kwamba lazima kuwe na kitu kama hicho, na miaka michache baadaye kikapatikana. tRNA ina mwisho mmoja unaosoma herufi tatu za ujumbe wa jeni, na mwisho mwingine uliobeba asidi amino moja, zile tofali za protini. Herufi ziko nne, ukizipanga tatu tatu unapata maneno 64. Maneno 61 yanaita asidi amino 20, na matatu yanasema "simama hapo." Na zile ncha mbili za tRNA haziguzani. Neno liko huku, tofali liko kule. Aliyeamua kwamba tRNA hii ibebe tofali hili ni enzaimu nyingine kabisa, inayozifunganisha.

Kuna jaribio la mwaka wa 1962 ambalo nalipenda hadi nataka kuliwekea fremu. Watafiti kule Marekani walichukua tRNA ikiwa tayari imebeba asidi amino inayoitwa sisteini. Wakatumia kemikali kuibadilisha hiyo sisteini, ikiwa bado imebebwa, ikawa alanini. Yaani tRNA imevaa beji ya sisteini lakini mgongoni ina mzigo mwingine. Wakaiingiza kwa mashine ya seli. Ribosomu ikafanya nini? Ikaweka alanini mahali pa sisteini, bila swali. Haikuangalia mzigo, iliangalia beji. Ni kama makanga amekusanya nauli, kila noti imebadilishwa ikawa karatasi, na dere anaendelea kuendesha tu kwa sababu amesikia bodi ikigongwa.

Kwa hivyo herufi hazina maana ndani yake. Maana iko kwa anayeunganisha. Na kama bado unabisha, kuna kuvu inaitwa Candida albicans, wengi mnaijua kwa jina la thrush. Karibu viumbe wote duniani wakisoma CUG wanaweka lusini. Candida akisoma CUG anaweka serini. Herufi ni zile zile. Hata ndani yako wewe, saa hii, kuna lahaja mbili: UGA kwenye seli kwa kawaida ni "simama," lakini kwenye mitokondria zako UGA ni triptofani, endelea na kazi. Mwili mmoja, neno moja, maana mbili. Kama vile kuvuka kutoka Eastlands kwenda Mombasa.

Sasa tufike kwa asili ya uhai, kwa sababu hapo ndipo Barbieri alitaka kufika tangu mwanzo.

Mwaka wa 1953 Stanley Miller kule Chicago alionyesha kwamba ukichanganya gesi fulani na maji, ukapiga umeme, unapata asidi amino. Watu wakafurahi sana, wakadhani bado kidogo tu uhai utoke kwa chupa. Lakini kupata tofali si kupata nyumba. Stori ambayo wengi wanaifuata leo inaitwa dunia ya RNA, jina alilolitoa Walter Gilbert mwaka wa 1986: kwamba mwanzoni RNA ilikuwa inajinakili yenyewe na pia kufanya kazi, kisha DNA na protini zikaja baadaye. Kwenye stori hiyo, mhusika mkuu ni kunakili.

Barbieri hakukataa kunakili. Anachosema ni kwamba kunakili peke yake hakukupi kitu kipya kabisa, kunakupa kitu kile kile na makosa madogo madogo. Ukiphotocopy Sheng mara bilioni hupati Kiswahili. Ili protini ziwepo ilibidi kutokee watengenezaji wa aina ya pili, ambao hawanakili bali wanafuata kanuni za kodi. Ndiyo maana anasema mageuzi yalikuwa na njia mbili, si moja: uteuzi asilia wa Darwin, na makubaliano asilia. Na anaweka wale mafundi wa kale, vikundi vya RNA vilivyokuja kuwa ribosomu, mwanzoni kabisa, kabla ya jeni kushika usukani.

Je, ameshinda? Hapana, na sitawadanganya. Watafiti wengi wa asili ya uhai hawajahamia upande wake, na hakuna mtu ametengeneza ribosomu ya kwanza kwa chupa akatuonyesha. Pia kuna hoja nzito dhidi ya hilo neno "makubaliano." Kodi ya jeni haikupangwa ovyo. Maneno yanayofanana huita asidi amino zinazofanana tabia, kiasi kwamba herufi moja ikikosewa madhara mara nyingi ni madogo. Mwaka wa 1998 Freeland na Hurst waliilinganisha na kodi milioni moja zilizopangwa kwa bahati nasibu ndani ya kompyuta, na kodi yetu ikashinda karibu zote. Wengine wanasema kuna asidi amino zinazovutana na herufi zake kikemia. Mimi nikiangalia hiyo naona haimuui Barbieri. Finje inatoka kwa fifty, unaona alama ya ilikotoka, lakini bado lazima ufunzwe kwamba finje ni noti ya hamsini. Kitu kinaweza kuwa na sababu na bado kisiwe lazima. Ila hapo kwa mpangilio wa mwanzo, nani alitangulia nani, hiyo bado ni mechi inaendelea.

Halafu kuna mambo ya mwaka wa 2012, na hapa nina maoni makali.

Barbieri alikuwa mmoja wa wazee wa biosemiotiki. Kitabu chake The Organic Codes kilitoka Cambridge mwaka wa 2003. Jarida la Biosemiotics lilipoanza mwaka wa 2008 chini ya Springer, yeye ndiye alikuwa mhariri mwanzilishi. Jina, kiti, heshima, vyote alikuwa navyo. Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na mvutano. Wenzake wengi, watu kama Jesper Hoffmeyer wa Copenhagen na Kalevi Kull wa Tartu kule Estonia, walimfuata mwanafalsafa Charles Peirce: kwao, palipo na ishara pana kutafsiri, hivyo hata seli inatafsiri dunia yake. Barbieri akasema hapana. Kutafsiri kulikuja baadaye sana, na viumbe wenye ubongo. Seli haitafsiri, inafuata kodi. Ile ribosomu ya 1962 haikufikiria chochote, iliweka alanini ikaenda.

Mwaka wa 2012 akaachia uhariri wa jarida alilolianzisha mwenyewe, akaondoka na wengine, wakaunda jumuiya mpya ya baiolojia ya kodi. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Wazee wetu wa miaka sabini hawaachi hata uenyekiti wa chama.

Naona alifanya vizuri, na si kwa sababu ya ile motivation ya "Bill Gates aliacha chuo." Hiyo stori mimi hunichosha. Kila mtu akijua niliacha shule anakuja na Gates na Zuckerberg, kama vile kuacha ndiyo ilikuwa kazi. Barbieri hakuacha kazi. Aliacha jina, akabaki na swali lile lile alilokuwa nalo tangu zile kuku. Na alikuwa sahihi kuhusu jambo moja kubwa: madai yake unaweza kuyapima. Ukisema hapa kuna kodi, nionyeshe dunia mbili, nionyeshe adapta, kisha nibadilishie adapta tuone kama maana inabadilika. Ukisema "seli inatafsiri," nitakupima aje? Heshima kwa Peirce na watu wake, lakini kati ya wazo zuri na wazo ninaloweza kulikosesha kwa jaribio, nitabeba hilo la pili.

Na hicho kipimo ndicho nataka mjifunze kukitumia kwa komenti. Mtu akisema "iko kwa DNA," mwambie: nionyeshe adapta.

Kuna wakati ataweza. Ugonjwa wa selimundu, ambao watu wa Nyanza, Magharibi na Pwani wanaujua vizuri sana, uko kwa DNA kweli. Herufi GAG imekuwa GTG, asidi ya glutamiki ikatolewa ikaingia valini, himoglobini zikaanza kushikana, seli ya damu ikakunjamana kama mundu. Kila hatua imeonyeshwa. Hiyo sibishani nayo, na yeyote anayewaambia jeni hazina maana yoyote anawadanganya pia.

Mbio? Watafiti wametafuta miaka mingi, na hakuna jeni moja iliyopatikana inayoeleza Iten. Kuna mwinuko, kuna chakula, kuna mazoezi saa kumi na moja asubuhi, kuna kijiji kizima ambapo kukimbia ni kazi inayolipa. Labda jeni ziko mahali ndani ya huo mchanganyiko. Lakini ukiniambia DNA peke yake, bado hujanionyesha chochote.

Na wizi? Hapo hata dunia ya pili haipo. "Mwizi" si protini. Ni neno la mahakama na la umati. Aliyeiba kuku anaitwa mwizi, aliyechukua ekari mia mbili na hati yenye mhuri anaitwa mheshimiwa. Jeni gani hiyo inasoma mhuri? Umechukua chuki ya nyumbani kwenu ukaivalisha koti la maabara, na sisi tunajua 2007 koti kama hizo zilitupeleka wapi.

Sasa najua swali linalofuata kwa sababu ninyi ni ninyi: "Sawa, lakini hii inasaidia nani? Mzee amekaa miaka arobaini na ribosomu, inalipa?"

Barbieri hakutengeneza dawa, na sitampa sifa isiyo yake. Lakini ribosomu yenyewe, ile nukta ya nusu maksi, ilimpatia Ada Yonath, Thomas Steitz na Venkatraman Ramakrishnan Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2009 kwa kuonyesha umbo lake hadi atomu. Na unajua kwa nini dunia ilijali? Ingia kemisti yoyote mtaani ukiwa na kifua ama chunusi zimekataa kupona. Erithromisini, tetrasaiklini, doksisaiklini. Dawa hizo zote zinaenda kukaa kwenye ribosomu ya bakteria. Haziguzi DNA yake. Zinamziba msomaji peke yake, na bakteria anakwama hapo, jeni zake zote ziko sawa, hakuna herufi hata moja iliyofutwa.